Gramafoni ya Kumsikia Bonifasi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomsindikiza mama yangu mpaka mjini Usumbura kutafuta gramafoni. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kupata mshahara wa karani kule bandarini Kalundu. Juzi uliponiuliza ni mashine gani ya kupigia disiki inayofaa nyumbani, isiyo ya bei ya chini sana wala ya kitajiri, asubuhi ile ikanirudia yote. Kaa basi nikueleze.

Kaka yangu Bonifasi alikuwa amekwenda kufanya kazi Elisabethville, mji wa migodi wa mbali, na kwa miaka mingi hatukupata neno lake. Kisha msafiri mmoja akashuka melini na disiki iliyofungwa kwa magazeti. "Mutoto wenu anaimba sasa," akatuambia. "Iyi ni sauti yake."

Mtaani kwetu Songo mwenye gramafoni alikuwa jirani mmoja tu. Tukaenda kwake nyumba nzima. Lakini ile mashine ilikuwa imechoka, mwanangu. Kamani yake, ule utepe wa chuma unaosukuma sahani ya kuwekea disiki izunguke, ilikuwa imelegea, na sindano imekuwa butu. Wimbo ulianza, kisha sauti ikazama, ikawa nzito na ya kuburuta, kama ya mtu anayekwama kwenye matope.

Mama akasimama. "Uyu hapana Bonifasi," akasema. "Mutoto wangu alikufa. Munanificha tu."

Tangu hapo akakaa mkekani kama mfiwa. Chakula alikigusa kwa ncha za vidole na kukirudisha. Tuliapa mbele yake, hakutusikia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata mimi, niseme kweli, nilianza kuwa na shaka. Ndipo mjomba Lazaro, kaka yake mama, mkulima wa pamba kule bondeni Ruzizi na mtu wa maneno machache, aliposema tumpeleke Usumbura, penye mashine nzuri. Mama akakubali, ila kwa kutaka kutuonyesha kwamba tunajidanganya. Ndani ya lori, kati yangu na mjomba, aliipakata ile disiki, ameifunga kwa kitenge, vile unavyompakata mtoto mwenye homa.

Dukani macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye gramafoni kubwa ya mbao zinazong'aa, yenye redio ndani, ya kutumia umeme. Nikamwambia mwenye duka anifungashie ile. Mjomba akanishika mkono.

"Kwetu Songo umeme iko wapi?"

Nikajibu kwamba siku moja utafika.

"Na weye unanunulia nani? Majirani waone, ao mama yako asikie?"

Mwenye duka, mzee mpole, akakubali tuijaribu disiki yetu kwenye mashine mbalimbali. Ile ndogo ya bati, ya bei ya chini, ilimfanya mwimbaji asikike kama ana mafua. Mama akatikisa kichwa. Ile kubwa ilinguruma hata wapita njia wakasimama mlangoni, lakini ngoma ziliimeza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma. Mama akaanza kuifunga tena disiki kwa kitenge ili tuondoke.

"Ngojea, dada," mjomba akasema.

Mwenye duka akaleta gramafoni ya kati, sanduku la kawaida lenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Kamani yake ilikuwa ngumu, sahani nzito imetulia, mkono wa sindano ukishuka taratibu. Akatia sindano mpya, akaitelemsha.

Kwanza tulisikia pumzi. Mtu alivuta pumzi kabla ya kuimba, mwanangu, na tuliisikia. Kisha maneno yakaja, na kila palipokuwa na *s* palitoka mluzi mdogo, kwa sababu Bonifasi alivunjika jino la mbele utotoni, alipoanguka juu ya mawe ya ziwani. Mama akaweka kidole kwenye jino lake mwenyewe. Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta.

"Ni yeye," akasema. "Urudilie, baba."

Mwenye duka akarudia, akarudia tena. Wimbo ulipokwisha mama akatugeukia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Minye nasikia njaa."

Tukaibeba ile ya kati. Jumapili baada ya misa majirani walijaa uani, na mama hakuruhusu mkono wowote uguse sindano isipokuwa wake. Bonifasi mwenyewe alirudi baadaye, amenenepa, na mke na watoto. Mama akamkaribisha, akamwambia kwamba kwenye disiki anaimba vizuri zaidi.

Basi mwanangu, shika haya. Unapokwenda kununua, beba disiki unayoipenda, uisikilize hapo hapo kabla ya kutoa pesa. Angalia sahani inazunguka bila kuyumba, na sindano haikwaruzi. Nunua inayofaa nyumba unayoishi leo, uiweke juu ya meza isiyotikisika, mbali na jua, na sindano ikichoka usione uvivu kuibadili. Kizuri si kile kinachopiga kelele kuliko vingine. Ni kile kinachokuletea mtu karibu mpaka umtambue.

Nenda kwa amani. Mungu aijaze nyumba yako sauti za watu unaowapenda, akuachie na masikio ya kuwasikia mpaka uzeeni.