Miale Aliyotaka Kuihesabu

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo huko Columbus, Marekani, tulipata nafasi ya kuweka kifaa ndani ya roketi ndogo ya utafiti, ile inayopanda mpaka hewa inapokwisha, kisha ikaanguka baharini baada ya dakika chache. Tulikuwa kikundi kidogo cha wanafunzi. Mimi nilishughulikia umeme. Kifaa chenyewe, cha kuhesabu miale inayotoka angani, kilitengenezwa na kijana mmoja mwembamba aliyevaa sweta hata wakati wa joto.

Nilimtambua kuwa ni mwenzetu wa Kongo siku skrubu ilipomponyoka akaitukana kwa Kiswahili cha Bukavu. Nilicheka, naye akaona haya. Wazazi wake waliletwa Buffalo kama wakimbizi, kama sisi tulivyoletwa Louisville. Tangu siku ile akaniita dada, na Jumapili tukawa tunapika bugali na sombe ya majani ya muhogo katika chumba changu karibu na chuo.

Sikujua kwamba alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali. Mara kadhaa nilimkuta ameketi sakafuni karakanani, amekumbatia magoti, jasho linamtoka ilhali sisi tumevaa makoti. Nilipomuuliza alisema, "Nimechoka tu, dada," akaniomba nimpe koleo.

Kabla ya safari kifaa kilipaswa kufungwa kwenye meza inayotikisika kwa nguvu kama roketi inaporuka. Mara ya kwanza waya ulikatika ndani. Alikifungua chote, akalehemu upya, akapaka gundi kila kiungo. Kilipofaulu wenzetu walipiga makofi. Yeye alitabasamu huku akitafuta kiti.

Baada ya Krismasi hakurudi kutoka Buffalo. Alinitumia ujumbe kwamba yuko hospitali, na kwamba nisimruhusu mtu yeyote aguse gundi yake. Nikamjibu kwa utani. Nilipompigia siku chache baadaye, mdogo wake wa kike ndiye aliyepokea, akaniambia kwa Kiingereza kuwa kaka yake amefariki.

Theluji ilikuwa imefunga barabara, hatukuwahi mazishi. Nilimpigia mama yangu huko Shively, kando ya Louisville, ndiyo kwanza ametoka kazini kwake ghalani. Alimlilia kijana ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akasema, "Kwa wazazi wake uende wewe mwenyewe. Simu haitoshi."

Roketi ilirushwa asubuhi moja ya kiangazi, ufukweni. Mngurumo wake ulinigonga kifuani, mara ikatoweka. Kwenye skrini namba zikaanza kupanda: kifaa chake kilikuwa kinahesabu. Mwenzetu mmoja, Mmarekani mkimya, alitoka nje akasimama ameuelekea ukuta. Mimi niliendelea kuzisoma namba kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa, mpaka ya mwisho.

Wiki iliyofuata niliendesha gari mpaka Buffalo. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Riverside, ndogo, yenye ngazi za mbao. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alizima televisheni, akanikaribisha. Mama yake alikuwa amekwishavaa sare ya kazi, kwani alihudumia wazee. Niliwaonyesha video ya roketi kwenye simu. Mama aliitazama mpaka moshi ukaisha.

"Bon, sawa," alisema. "Hiyo kitu yake, iliona nini kule juu?"

Nilimweleza kwamba kuna miale isiyoonekana kwa macho, inatupenya sote kila saa, na kwamba kifaa cha mwanawe kiliihesabu vizuri, mwalimu wetu anazitumia hesabu zile. Aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza lile lililokuwa moyoni mwake.

"Alikuwa anaumwa mbele yenu?"

"Ndiyo, mama. Alituambia ni uchovu."

"Na sisi, ku simu, alisemaka vile vile."

Baba yake aliinuka akaenda jikoni. Tulisikia maji yakitiririka bombani kwa muda mrefu, wala hapakuwa na chombo cha kuosha.

Niliomba nimpeleke mama kazini. Njiani alinionyesha pa kukata kona. Tulipofika alikaa kidogo, mkono juu ya mkanda wa kiti.

"Uendeshe pole pole," alisema. "Ukifika Columbus, utupigie."

Akashuka. Kupitia kioo cha mlango nikamwona akimwinamia bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, akimfunga vifungo vya sweta.