Sahani ya Tano ya Vunja Jungu

Sisi tuliokulia Kisauni kabla ya bendera kubadilishwa, mwaka wetu wa muziki haukuisha Disemba. Uliisha siku ya vunja jungu, baada ya laasiri, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Nalisema hili kwa sababu juzi mjukuu wangu Salma alinijia na simu yake, kidole chateleza juu ya kioo, akaniambia, "Bibi, watu wote wanataja albamu zao tano za mwaka. Zako ni zipi?" Nikamwambia zangu zilihesabiwa zikafungwa kwenye leso zamani za uhuru, na ya tano haikuwa ya kutajwa ovyo. Nikamsimulia kidogo kwa nini. Akacheka. Watoto wa siku hizi ukiwaambia jambo la kutisha hucheka kwanza, kisha wakalipiga picha.

Nyinyi wa rika langu hamtacheka, nyinyi nawajua. Mwakikumbuka kinanda cha santuri, kile cha kutia ufunguo kwa mkono. Kwetu Junda, humo humo Kisauni, kilikuwa cha shangazi yangu Mwanakombo, dada yake baba, aliyenilea. Mumewe alikuwa akipakua shehena bandarini na alikinunua kwa baharia mmoja aliyechoka kukibeba. Sanduku jeusi, pembe zimechubuka, ndani lanuka mafuta ya cherehani. Sahani zenyewe, yaani santuri, zilikuwa nzito, nyeusi tii, na ukiiangusha moja basi, waokota vigae. Upande mmoja ulikuwa dakika tatu. Sindano ilikuwa ya chuma, na kila ilipopita iliondoka na kidogo. "Sindano hula sauti," shangazi akituambia. "Mwaisikia leo, kesho haitakuwa hivi." Kwa hivyo tulisikiliza kwa masikio yote mawili, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama inaweza kurudiwa.

Siku ya vunja jungu shangazi aliniita mapema. "Zuhura, ndoo hapa tutandike jamvi." Hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza, kabla hata ya moto kuwashwa. Jamvi lilitandikwa uani, chini ya kivuli cha ukuta, kisha wanawake wa mtaa wakaja na masinia yao. Pilau, kaimati zinazonata vidoleni, achari ya embe iliyokuwa ikitutoa machozi na bado tukaichovya. Kila mmoja alikuja na sahani moja aliyoipenda mwaka ule, imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Walizifungua zote, wakabishana, na mwisho zikabaki nne. Nne hizo zilichezwa kwa mpangilio, kisha ya tano, kisha kinanda kikafungwa kwa leso na kupandishwa juu ya kabati mpaka Idi. Mwezi mzima usingesikia hata mluzi.

Ubishi wenyewe ulikuwa mtamu kuliko pilau. Jirani yetu Mama Katana, Mgiriama mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka kilima, kila mwaka alipigania magitaa ya Kongo. "Hizo fidla zenu zanitia usingizi," akasema. Shangazi akamjibu, "Na hayo magitaa yako yanifanya nitafute viatu, na viatu sina." Nakumbuka mwaka mmoja ya kwanza ilikuwa taarabu ya bwana mmoja wa mjini, udi wapigwa polepole kama mtu anayefikiri. Ya pili ilitoka kwenye filamu ya Kihindi, hakuna aliyejua hata neno moja na wote waliimba. Ya tatu magitaa ya Mama Katana, maana asingekubali kuondoka. Ya nne ilikuwa ya mchekeshaji aliyeimba habari ya bwana aliyenunua baiskeli kabla hajajifunza kuipanda, akawa aisukuma kwenda kazini na kurudi.

Ya tano haikubishaniwa. Ya tano kila mwaka ilikuwa ile ile, sahani ya mama yangu.

Mama hakuwa mwimbaji mkubwa. Alikuwa mwitikiaji, mmoja kati ya wanawake watatu waliorudia ubeti nyuma ya bwana mwenye udi. Siku moja waliitwa mjini, wakavuka daraja na mabuibui mapya, wakaimba mbele ya mashine katika chumba cha nyuma cha duka, na miezi michache baadaye sahani ikaja. Sauti yake ilikuwa ile ya chini kabisa. Ungelazimika kuambiwa ndipo ujue yupo. Hakuishi kuisikia mara nyingi. Homa ilimwingia mwaka ule ule, nami nikiwa na umri wa miaka mitano.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka. Siku aliyofariki, mama aliniita. Nilikuwa kibarazani nacheza mdako, kijiwe kimoja kiko hewani. Sauti ikatoka ndani, "Zuhura." Nikasikia vizuri kabisa. Kwetu mtoto wa kike akiitwa hujibu "Abee" kabla neno halijaisha, na mimi nilikuwa nimefunzwa hilo kwa makofi. Akaita tena, "Zuhura." Nikasema moyoni, akiita ya tatu nitakwenda. Hakuita ya tatu. Nilimaliza mchezo wangu, nikashinda, na nilipoingia ndani shangazi alikuwa amekwisha kumfunika uso.

Ndipo vunja jungu iliyofuata, sahani ya tano ilipokuwa ikichezwa, nikausikia wimbo mpaka mwisho. Udi ukanyamaza. Sindano ikaingia pale ambapo hamna kitu, panapokwaruza tu, na mle ndani ya ule mkwaruzo mtu akaita, "Zuhura." Kisha tena, "Zuhura." Shangazi akanyanyua mkono wa kinanda, na wanawake wakaanza kukusanya masinia kana kwamba hakuna lolote.

Nilidhani wote walisikia. Nilidhani mama aliniita siku ile kule dukani, labda nilikuwa nikikimbilia mlangoni, na mashine ikaichukua sauti yake pamoja na wimbo. Kila mwaka nikaingoja ya tano, na kila mwaka niliitwa mara mbili, na kila mwaka nilibana midomo. Maana shangazi alikuwa na sheria yake, na nyumba nyingi za Junda zilikuwa nayo. Ukiitwa na usiyemuona, usiitike mpaka ya tatu. "Binadamu huita mara tatu," alisema. "Wale wenyewe wasio binadamu huita mara mbili wakanyamaza, ili uitike wewe." Basi mtoto ashike lipi? Adabu yasema uitike upesi, na sheria yasema ungoje. Nami nilikuwa nimekwisha kungoja mara moja, nikajua kungoja kulinipa nini.

Ramadhani ya mwisho kabla ya uhuru iliangukia kwenye kaskazi, joto la kupasua kichwa. Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu saa sita za mchana ilikuwa kimya kama imehamwa, watu wamefunga, wamelala sakafuni wakitafuta ubaridi. Saa hiyo jua liko utosini na watoto walikatazwa kutoka nje. Mimi sikutoka. Nilipanda juu ya kiti, nikakishusha kinanda kutoka kabatini na leso yake, nikaenda nacho chumba cha stoo penye magunia ya kopra, ile nazi iliyokaushwa. Nikaweka sahani ya mama, iliyofungwa humo humo, nikatia ufunguo. Mwezi ule hata kuimba kwa mdomo kulikuwa aibu, sembuse santuri. Nikafunika sanduku kwa gunia ili sauti isitoke, nikalaza kichwa changu juu yake.

Sauti ya mama ilikuwa ya chini, chini ya wote, na safari hiyo nikaipata tangu mwanzo. Niliifuata peke yake kama mtu anayefuata nyayo. Wimbo ukaisha. Mkwaruzo ukaingia. Mle stoo mlikuwa na joto la tanuri.

"Zuhura."

"Zuhura."

Nikasema, "Abee, mama."

Ufunguo uliisha hapo hapo. Sahani ikaanza kuzunguka polepole, polepole, ikasimama. Sikusikia ya tatu. Lakini nawaambia, na mimi si mtu wa kupamba maneno, nilihisi kwamba kuna mtu aliyekuwa amesimama karibu kwa muda mrefu sana, naye sasa amekaa. Gunia moja la kopra lilipiga kelele kidogo, kama linavyopiga mtu akiliketia. Nililia, na sikuwa naogopa.

"Wamwitikia nani?" Shangazi alikuwa mlangoni, kichwa wazi, macho makubwa.

"Mama."

"Yuko wapi?"

"Humu. Aniita kila mwaka, shangazi. Mwisho wa wimbo."

Nilijua nitachapwa. Hakunichapa. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akatia ufunguo mwenyewe, mwanamke mcha Mungu aliyefunga, akairudisha sindano mwanzo na kuweka sikio lake. Alisikiliza mpaka mwisho kabisa, mpaka sahani iliposimama. Aliponyanyuka uso ulikuwa umemwiva. "Mamako humu aitikia wimbo tu," akasema. "Hakuna mtu aliyeita." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alikuita wewe peke yako? Hakutaja jina lingine?" Nikamwambia langu tu.

Jioni ile nilifuturu kwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ya kulia na kuoshwa kwa marashi. Maalimu alinisomea siku tatu. Shangazi akaniambia ile santuri ameitupa kwenye mkono wa bahari, penye mikoko, isituletee mtu tusiyemjua. Nikamchukia kwa hilo. Nilimpenda na nikamchukia, yote mawili, mpaka nikawa mtu mzima.

Vunja jungu iliyofuata, uhuru ulikuwa na mwezi mmoja tu. Kila mwanamke alikuja na wimbo wa uhuru, hata Mama Katana aliyaacha magitaa yake ya Kongo akaleta ya hapa hapa. Walizichagua nne. Ilipofika ya tano shangazi alikitia kinanda ufunguo, hakuweka sahani yoyote, akakiacha kizunguke kitupu kwa muda wa wimbo mmoja. Nilitega sikio na sikuitwa. Wakafanya hivyo miaka yote mpaka kinanda kilipovunjika, na wageni waliokuja kuolewa mtaani walidhani ndiyo dini yetu.

Shangazi alipofariki, miaka mingi baadaye, mimi ndiye niliyefungua sanduku lake la nguo. Chini kabisa, ndani ya kanga yake ya harusi, ilikuwepo sahani ya mama. Hakuitupa. Niliiinua kwenye mwanga na moyo ukanipasuka, maana haikuwa nyeusi tena. Ilikuwa ya kijivu, karibu nyeupe, imeliwa yote na sindano, njia zake zimesawazika kama kiganja cha mzee kilichosuguliwa na kazi. Shangazi huyu aliyetukataza tusirudie wimbo hata mara moja alikuwa akiicheza peke yake, miaka nenda miaka rudi. Mama alikuwa wifi yake na shoga yake, rafiki wa moyo. Shangazi alikuwa akingoja na yeye aitwe. Kwa ile hali ya sahani, najua hakuitwa.

Basi juzi, Salma alipomaliza kucheka, aliniuliza jina la wimbo. Akaliandika, akangoja kidogo, na wimbo wa mama ukatoka kwenye simu. Kuna mtu sijui wapi anakusanya santuri kuukuu na kuzitia humo. Ulikuwa safi, kana kwamba umeimbwa asubuhi ile. Nikaipata sauti ya chini. Ukaisha. Mkwaruzo mdogo, kisha kimya. Mama hakuita. Na kwa nini aite, nami nilikwisha kumwitika. "Nirudie, bibi?" Salma akasema. "Waweza kuurudia hata mara elfu, hauchakai." Hilo ndilo linalonihuzunisha kwa watoto hawa. Wana nyimbo zote za dunia na hakuna hata moja inayowaaga. Simu ikilia wanaitika mara ya kwanza, namba wasiyoijua, mtu wasiyemjua, na mimi nikiwaita kutoka chumba cha pili nakauka koo.

Nilikuwa nataka kumwambia hayo. Lakini sauti ikatoka uani, pana, ya polepole, ya kike. "Zuhura." Niliijua kabla haijaisha. Sauti hiyo iliniita alasiri zote za utoto wangu. "Zuhura."

Sheria ni yake mwenyewe, kwamba ningoje ya tatu. Lakini nilikwisha kumngojesha mtu mmoja duniani, sikutaka wa pili.

"Abee, shangazi," nikasema.

Salma akainua kichwa. "Bibi, unamwitikia nani?"

Nikajifunga leso, nikatoka, naye akanifuata nyuma. Uani, ule ule wa shangazi, hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limekwisha kugeuka na kivuli cha ukuta kilikuwa pale pale kinapokuwa baada ya laasiri, na chini yake jamvi lilikuwa limetandikwa, limenyooshwa pembe zote nne. Jamvi lile hukaa limekunjwa nyuma ya mlango wangu. Salma aliapa si yeye. Akalitazama sana, simu iko mkononi. Hakucheka, wala hakupiga picha.