Majani Yaliyosafishwa

Mjomba alirudi kutoka vitani na kamera ya sanduku. Alipochoka nayo akanipa mimi, labda kwa sababu sikuwa msemaji. Kila nilipopata filamu nilipiga picha za vitu visivyoniuliza maswali: utando wa buibui, gome la mti, umande juu ya kabichi.

Mwaka nilipomaliza shule ya msingi tulikuwa na kipande cha ardhi ya viazi kwenye shamba la mzungu, juu ya Molo, ambako baba alikuwa kibarua. Viazi hivyo ndivyo vingetulisha mpaka msimu mwingine. Asubuhi moja niliona madoa meusi kwenye majani ya chini, upande wa ua wenye kivuli. Nikamwambia baba ni ugonjwa, tuchimbe kabla haujashuka kwenye viazi.

"Ni barafu," alisema. "Barafu huchoma majani, halafu shina huchipua tena. Wewe umelima lini?"

Lakini barafu huanza juu, na hufanya kazi yake kwa usiku mmoja. Madoa haya yalianza chini yakapanda polepole. Kwa kuwa maneno yangu hayakuwa na uzito, nilipiga picha shina lile lile kila asubuhi mpaka filamu ikaisha. Baba akakubali picha ziamue. "Picha haina mdomo wa kudanganya," alisema.

Nilishuka Nakuru na lori la kabichi, nikampa fundi wa picha filamu.

"Harusi ya nani?" aliuliza.

"Majani."

Alicheka. "Haya, nitayapamba kama bibi harusi."

Nilidhani ni mzaha.

Wiki iliyofuata dereva wa lori alituletea bahasha. Kufikia hapo shamba lote lilikuwa jeusi. Baba alizipanga picha mezani. Katika zote majani yalikuwa laini, bila doa hata moja.

"Umeona? Yale madoa yako hayakuwa kitu. Mpaka juzi majani yalikuwa mazima. Weusi huu ni wa usiku mmoja tu. Barafu."

Nilianza kuyashuku macho yangu mwenyewe. Tuliendelea kungoja mashina yachipue, na harufu mbaya ikaanza kutoka shambani.

Mama ndiye aliyeziokota zile picha siku moja akifagia.

"Ni yule fundi wa karibu na stesheni? Si ndiye aliyenitoa kovu?"

Alionyesha picha yake ukutani. Kovu la moto alilokuwa nalo tangu utotoni halikuwepo. Shavu lilikuwa laini kama la mtoto. "Na nilimshukuru sana," alisema akicheka. Kisha akaacha kucheka.

Nilitoa filamu kwenye bahasha nikaiinua mlangoni penye mwanga. Juu ya kila doa palikuwa na vistari vya penseli, vyembamba kama nywele, ambavyo fundi alilifichia doa lisitokee kwenye picha. Kwenye picha ya kwanza vilikuwa chini tu. Katika zilizofuata vilifika katikati. Kwenye ya mwisho vilifika juu. Nikampa baba. Aliitazama muda mrefu, kidole kikipanda na vile vistari, halafu akachukua jembe.

Tulianzia upande wa ua. Kiazi cha kwanza nilichokata kilikuwa cha kahawia mpaka moyoni. Mstari wa pili, vivyo hivyo. Mama akaja na kikapu.

"Nianzie wapi?"

"Anzia mbali," baba alisema bila kuinua kichwa. "Kule mwisho kabisa. Huenda ugonjwa haujafika."