Kizimba Kilichopiga Mluzi Kipawa

Chuma kilipiga mluzi.

Sitanii. Mwaka tisini na tano, saa nne asubuhi, gereji kwetu Kipawa. Bomba la chuma lilipiga mluzi mrefu, mwembamba, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Kabla hamjasema ni jini, ngojeni niwaeleze.

Naitwa Albano. Kaka yangu Alfonsi ndiye aliyenitoa Mbinga, akanipa chumba na kazi. Yeye fundi wa kuchomelea, mie mpiga rangi. Gereji ilikuwa yake. Geti likivunjika, tela likikatika, Kipawa nzima ilisema, "Mpelekee Alfonsi." Nilikuwaga najivunia huyu mtu, nyie acheni tu.

Siku moja akaja dada mmoja anaitwa Lulu. Dereva. Enzi zile mwanamke kuendesha Landrova porini ilikuwa habari ya mtaa mzima. Alikuwa anawapeleka watafiti wa madini, wale waliomiminika nchini milango ya uwekezaji ilipofunguliwa.

Miezi minne nyuma gari lake lilipinduka milimani. Paa likabonyea. Lulu akatoka mzima.

Badru, dereva mwenzake aliyekaa kushoto, hakutoka.

"Siendi tena porini bila kizimba," alisema.

Kizimba ni fremu ya mabomba mazito inayofungwa ndani ya gari. Gari likibingirika, mabomba ndiyo yanabeba uzito, siyo vichwa vya watu.

Kaka akakichomelea siku tano, kikaja kwangu kupakwa rangi.

Hapo ndipo ishu ilipoanza.

"Piga nyeusi ya mafuta, kwa brashi, koti tatu," kaka akaniambia. "Iwe nene. Ing'ae. Mwenyewe anasafiri Jumamosi."

Lulu akatikisa kichwa. "Humo tunarusha sururu na magunia ya mawe. Hiyo rangi itabanduka siku ya kwanza, kutu iingie. Nataka inayodumu."

Nikakata vipande vitatu vya bomba. Cha kwanza nikapaka rangi ya mafuta kwa brashi. Cha pili nikapuliza rangi ya kawaida ya magari. Cha tatu nikapuliza rangi ya kijivu ya kuoka, ile ya makabati ya chuma ya maofisini, kisha nikakioka. Oveni yangu ilikuwa kontena kuukuu, majiko ya mkaa chini, maana umeme wa mgao nani angeutegemea?

Lulu akavipiga vyote kwa mnyororo, akavimwagia petroli, akavikwangua kwa bisibisi.

Cha kwanza kikamenyeka kama muhogo. Cha pili kikalainika kwa petroli. Cha tatu kikatoka na mikwaruzo tu.

"Hiki," Lulu akasema. "Kijivu hikihiki, koti nyembamba. Chuma kikianza kupasuka, nione mapema."

Kaka akadakia. "Rangi ya kuoka haifai kwa kizimba."

"Kwa nini, kaka?"

"Nimesema haifai!"

Hakuwahi kunijibu hivyo tangu nimfahamu. Lakini gari ni la mteja. Nikasugua kizimba kwa msasa, nikakiosha kwa maji na sabuni, nikakianika. Kesho yake asubuhi nikapuliza rangi, nikaiacha ishike, nikakisukuma ndani ya oveni.

Baada ya robo saa, mluzi.

Nikachungulia. Mvuke ulikuwa unachomoka kwenye bomba kuu kama birika linalochemka. Bomba lililozibwa, lina maji ndani, liko juu ya moto! Hilo siyo bomba tena, ni bomu.

"Kaka, kimbia!"

Nikamvuta mkono, tukajitupa nyuma ya pikapu mbovu. Mluzi ukapanda. Ukapanda tena. Nikaziba masikio, nikasali sala zote nilizofundishwa kanisani.

Kisha ukakata ghafla. Kimya.

Kizimba kilipopoa nikakitoa. Kwenye maungio ya bomba kuu, juu kabisa ya kichwa cha dereva, rangi ilikuwa imetoka malengelenge. Nikaikwangua. Chini yake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Maji ya kuoshea yalipenya hapo, yakachemka. Na kama maji yalipenya, basi chuma hakikuungana.

Nikamwambia kaka. Hata hakusogea kuangalia.

"Ziba huo ufa kwa puti. Halafu piga nyeusi juu yake."

"Kaka, hapa ni juu ya kichwa cha mtu."

"Nani kakufundisha kazi wewe? Ukimwambia yule dada neno moja, leo leo unatoka kwangu."

Kitanda nilicholalia kilikuwa chake. Ugali niliokula alisonga shemeji Yustina, mke wake.

Nakiri mbele yenu: nilifungua kopo la puti. Nikachota. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye ufa niliposikia sauti ya Lulu getini.

"Kaka Albano! Kizimba kimeiva?"

Alikuwa anacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Unajua nani atakaa kushoto? Mdogo wa marehemu Badru. Mama yao alikuwa anakataa katakata. Nimemwapia kwamba safari hii kuna kizimba, ndiyo akakubali."

Nikafuta puti kwenye suruali.

"Dada Lulu, njoo uone."

Kaka akapiga nyundo chini. "Albano!"

Lulu akainama kwenye ufa. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika. "Kata."

Nikawasha grenda, nikakata. Jamani. Chuma alichoyeyusha kaka kilikuwa kimelala pembeni ya maungio. Upana wa kidole kizima. Mabomba yenyewe yalikuwa yamegusana tu.

"Mngeniua," Lulu akasema taratibu. "Mngemuua mtoto wa watu."

"Hebu nione," kaka akasema. Akaja, akainama, akapitisha kidole kwenye bomba. Upande ambao sikuukata.

"Hapa pazima kabisa."

Tukatazamana mie na Lulu.

"Kaka," nikamwambia, "nimeshika nini mkononi?"

Akakaza macho. Machozi yakaanza kumtiririka. Hakukitambua. Nilikuwa nimeshika grenda, kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Nachomelea kwa sauti, mdogo wangu," akasema. "Ikikaanga vizuri, najua imeshika. Ni miezi minane sasa."

Miaka kumi na tatu ya kuchomelea na miwani ya jua ya mtaani ilikuwa imemharibu macho. Kumbe ile rangi nene, nyeusi, inayong'aa, hakuitaka kwa ajili ya mawe. Aliitaka kwa sababu hakuweza kuikagua kazi yake, na hakutaka mwingine aikague.

Lulu akatoka nje, akakaa kitambo. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: "Nani mwingine anajua kuchomelea?"

Tukaleta fundi kutoka Temeke. Tukakikata kizimba chote. Kati ya maungio kumi na sita, sita yalikuwa mabovu. Safari ya Jumamosi akapewa dereva mwingine. Lulu aliondoka mwezi uliofuata, kizimba cha kijivu, koti nyembamba, na yule mdogo wa Badru kushoto.

Hospitali walisema jicho la kushoto la kaka limekwisha, la kulia litasaidiwa na miwani.

Hakunifukuza. Ila miezi mitatu hakunisemesha. Shemeji ndiye aliyeleta ujumbe. Mpaka asubuhi moja akaja akasimama karibu na kompresa.

"Nifundishe kusugua msasa," akasema. "Hiyo ni kazi ya vidole."

Nikampa msasa. Tukafanya kazi mpaka adhuhuri.

Nyie mafundi wenzangu, na nyie ambao siyo mafundi: mtu mnayemwamini akianza kung'ang'ania kitu kifunikwe, msikimbilie kumwita mwizi. Lakini msimfunikie pia. Fungueni kwanza. Halafu mwangalieni yeye mwenyewe vizuri, kwa sababu mie nililala nyumba moja na kaka yangu miezi hiyo yote minane, na ilibidi chuma kipige mluzi ndipo nimtazame machoni.