Udongo Usiotaka Maji

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu udongo wa watu kabla ya saa nne asubuhi. Nilipewa bonge la njano, ukubwa wa yai la bata, nikaambiwa nilikande mpaka lilainike. Nikafanya kama nilivyomwona marehemu mama akifanya miaka yote: nikachovya vidole kwenye maji, nikaanza. Bonge likateleza. Nikaongeza maji. Mama Mkurugenzi, mwenye karakana ile pale Singida mjini, akaja kusimama nyuma yangu, akauliza nani amenituma kufua udongo.

"Huu haukandwi kwa maji," alisema. "Unakandwa kwa joto la mkono wako tu."

Sikumwelewa, maana mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Mama na mdogo wake walifinyanga vyungu kule Ulemo, na udongo wao bila maji ni vumbi. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu walikuwa wadogo watatu. Sikurudi shule. Nililima vibarua, nikauza vitunguu barabarani Mkiwa, na nilipopata kazi karakana nilikuwa mtu mzima, Neema, mdogo wetu wa mwisho, akiwa kidato cha kwanza. Mnaosoma haya lijueni hilo mapema. Kuna jambo nililifanya, na hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikijipa.

Udongo wenyewe tuliuita udongo wa plastiki. Hauchimbwi. Unatoka kiwandani ukiwa na rangi yake tayari, umefungwa vipande vipande kama sabuni. Unaokwa kwenye oveni ndogo ya umeme, kwa joto dogo kuliko la mkate. Joto likizidi, udongo unaungua na kutoa moshi unaokaba koo. Kipimo cha oveni yetu kilikuwa kimekufa, kwa hiyo nilizoea kuweka kipande cha karatasi nyeupe ndani yake. Karatasi ikianza kuwa na rangi ya chai, nazima.

Kazi iliyonipa heshima pale ni gogo. Gogo ni picha inayojengwa kwa urefu. Unaweka kiini cha kahawia, unakizungushia vipande vya njano vyembamba, kila kimoja kimetengwa na mwenzake kwa mstari mweusi, kisha unafunika yote kwa kijani. Linakuwa nene kama paja la mtoto. Halafu unalibana na kulibiringisha taratibu, ukianzia katikati kwenda nje, mpaka linakuwa jembamba kama kidole. Ukilikata kwa wembe, kila kipande kina ua lilelile la alizeti, dogo, limekamilika; tukikitoboa na kukioka kinakuwa ushanga wa kuuza. Ukiharakisha, maua yanapinda na huwezi kuyarudisha. Mama Mkurugenzi mwenyewe hakuweza kubana gogo bila kulipindisha. Alikuwa akisema, "Mwachieni Rebeka," akatoka nje.

Lakini gogo halikatwi likiwa na joto, linabonyea. Na kwetu jua mnalijua. Nikabuni njia: nilileta mtungi wa mama, nikaujaza maji, nikawa naliegemeza gogo kwenye ubavu wake mpaka lipoe. Mtungi huo ndio ulioleta uongo.

Mwaka wa pili tulialikwa kwenye maonesho ya sanaa ya wilaya moja ya jirani. Tulipanga meza, mimi nikiwa na gogo langu na mtungi wangu. Afisa Utamaduni alipopita na wageni wake akauliza kama hayo ndiyo maji tunayokandia. Nilifungua mdomo nimweleze. Mama Mkurugenzi akaniwahi.

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni udongo wa asili, kazi ya bibi zao."

Wageni walifurahi sana. Wakapiga picha mtungi, wakapiga picha mikono yangu, wakamaliza shanga zote mezani. Maonesho yaliyofuata nilikuta nimenunuliwa kaniki, kigoda na bakuli la maji, na kibao kimeandikwa Ufinyanzi wa Asili. Nilitakiwa nichovye vidole kila mgeni akisimama. Mama Mkurugenzi yuleyule aliyenifukuza kwenye maji sasa alikuwa akininong'oneza: "Chovya, Rebeka, chovya." Nilichovya vidole, nikavikausha kwenye kaniki chini ya meza, ndipo nikagusa udongo. Gogo nililifanyia nyumbani, mahali ambapo hakuna aliyeliona. Kile nilichokijua kweli nilikificha, na nisichokifanya nikakionesha.

Basi, mwaka uliofuata wakaja mezani kwetu wafinyanzi wa Ulemo.

Miaka yote walikuwa na sehemu yao kwenye maonesho hayo, upande wa pili wa uwanja. Safari hii waliposhusha vyungu vyao kwenye nyasi, Afisa Utamaduni aliwaambia nafasi ya ufinyanzi ni moja na imeshapata kikundi. Akawaleta kwetu wajionee wenyewe. Aliyekuja mbele yao alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyetugawia unga wake miaka ile ya msiba.

Nikasimama. "Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. Tangu nizaliwe hakuna mkubwa aliyewahi kuniachia shikamoo yangu hewani. Alichukua ushanga mmoja wa alizeti, akautazama kwa makini, nikaona amependa lile ua. Kisha akaugusisha kwenye ulimi. Wafinyanzi wetu ndivyo wanavyojua: udongo wa ardhini ukishachomwa hunata kidogo ulimini. Ule haukunata.

Akaniuliza kwa Kinyiramba, ili Afisa na Mama Mkurugenzi wasielewe, udongo huo tumechimba wapi. Nikamjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba anisamehe, Neema bado yuko shule. Akasema hakuniuliza habari za Neema.

Afisa Utamaduni akaingilia kwa Kiswahili. "Vipi bibi, si ndio udongo wenu huo?"

Neno moja kutoka kwa mama mdogo lingetosha. Tungefunga meza palepale, na vyungu vyao vingekaa mahali pake. Mama mdogo alirudisha ushanga mahali alipoutoa, akaulaza vizuri, ua likiangalia juu.

"Muulizeni mwenyewe," alisema. "Amekulia kwenye udongo."

Wote wakanigeukia. Mama Mkurugenzi alikuwa ananitazama mikono.

"Ndiyo," nikasema. "Ni udongo wetu."

Mama mdogo alijitwisha chungu chake, wenzake wakafuata. Hawakuja tena kwenye maonesho, wala mimi sikwenda tena Ulemo akiwa hai.

Neema alimaliza shule, sasa ni mwalimu Manyoni. Alipoanza kazi nilimwendea Mama Mkurugenzi nikamwomba tubadili kibao, tuandike ukweli: udongo wa plastiki, maua kwa njia ya gogo. Alicheka.

"Nani atakuja kuangalia plastiki? Plastiki si wanazo nyumbani? Wanachonunua ni ile kaniki yako."

Nikajaribu peke yangu. Nilipeleka fremu ya maua mia kwa Afisa Utamaduni mpya, kijana msomi, nikamweleza kila hatua. Alisikiliza kwa adabu, na shikamoo alinipa. Kisha akasema fomu ya maonesho ina sanaa za asili na ina uchoraji, na hii yangu si mojawapo. "Labda midoli, mama," alisema. Nilirudi karakana, nikavaa kaniki. Nikakaa juu ya kigoda kile miaka mingine kumi na moja, nikichovya.

Niliacha mwaka jana, vidole vilipoanza kutetemeka na gogo kupinda mikononi mwangu. Nilifanyiwa sherehe ndogo, nikapewa cheti chenye muhuri: Rebeka, Mfinyanzi Bora wa Asili. Ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina langu na kazi yangu pamoja, na hiyo kazi sikuifanya hata siku moja. Wapo wanaosema nishukuru. Wadogo zangu wote wana ajira, nami nashukuru kwa hilo. Kwa mengine sishukuru.

Mvua zilipokatika nilikwenda Ulemo. Mama mdogo alishafariki. Nilimkuta binti yake, Raheli, anafinyanga uani. Sikumwambia mengi, na nadhani aliyajua. Nilimwomba anipe bonge nijaribu, nikiwaza kwamba angalau hili ni langu kwa kuzaliwa.

Nikakaa chini, nikaanza kulikanda kwa joto la mkono, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Likaanza kupasuka. Nikabana zaidi. Likapasuka pande zote, makombo yakadondoka kwenye sketi yangu, nami nikiwa sielewi nimekosea wapi.

Raheli akanisogezea bakuli lake.

"Dada," akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Maji."