Kata Kushoto Kwa Sinema

Jumanne, kwenye banda la chai hapa Bwera, askari mmoja mgeni aliulizia fundi cherehani. Shati lake la kazi lilikuwa limekatika vifungo.

"Afande, fuata hii barabara, ukifika kwa sinema, kata kushoto," alijibu mama wa chai.

Baada ya muda askari alirudi, jasho likimtiririka. "Sinema iko wapi? Mimi naona duka ya simenti tu!"

"Ndiyo hapo, afande. Sinema walivunja zamani, lakini ndiyo hapo."

Askari alimkodolea macho. Mama mmoja mchuuzi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akaweka kikombe chini. "Twende nikuonyeshe. Miye nilikuwa nauzisha karanga kwa mulango yake."

Niliwasindikiza kwa macho. Walipofika mbele ya duka la simenti, njia ikiwa tupu kabisa, yule mama alikunja kitenge chake akapita pembeni, kama anayepisha foleni ya tiketi.

Mimi pia hupita pembeni hapo, kila siku. Nilidhani ni wazimu wangu peke yangu.

Askari naye akapita pembeni nyuma yake, bila kuuliza anampisha nani.