Anayetaja Ndiye Anayechapa

Watu wa mahakamani walimwita Mzee wa Mvua, maana miaka ya jela kwao ni mvua, na hakimu huyu aliinyesha yote kabla ya chai ya saa nne. Mwizi wa kuku, mvua tatu. Aliyempasua mwenzake kwa chupa, mvua saba. Hakuwa na chuki na mtu, msimwonee. Nyumbani alikuwa mpole mpaka wanawe wakamzoea vibaya, na kuku wa Jumapili alichinjwa na jirani, kwa sababu baba mwenye nyumba akiona damu miguu humlegea. Ila akishakaa kitini, walioletwa mbele yake waligeuka mafaili, na faili halilii.

Ndipo mkuu wa mahakama akaleta amri iliyowapa mahakimu wote kiungulia: kila mmoja akakae wiki gerezani, avae nguo za mfungwa, asitaje cheo, ndipo arudi kuhukumu. Mkuu wa gereza peke yake ndiye atakayejua. Mzee wa Mvua akasimama kikaoni kupinga.

"Mheshimiwa, mkunga wa kiume hajawahi kuzaa, na watoto wanazaliwa kila siku."

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, na jina lake likaandikwa la kwanza.

"Nenda tu, baba watoto," mkewe akamwambia mlangoni. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Ni wiki moja tu, mke wangu."

"Hao unaowapa saba nao huwa unawaambia ni saba tu."

Kunguni ndio waliokuwa na afadhali. Alinyolewa kwa wembe butu, akaambiwa avue nguo na achuchumae, na alipochelewa askari akamharakisha kwa buti la mbavuni. Selo ilijaa watu mpaka kujigeuza usingizini kulifanywa kwa amri. Nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, walimwita Kisiki: mfupi, shingo nene, aliyefungwa kwa kuua. Alimuuliza mgeni kesi yake, naye akajibu alivyoelekezwa: karani, kughushi.

"Karibu, karani," Kisiki akasema, na blanketi lililoloweshwa maji likamfunika kichwa.

Waliompiga hakuwaona. Aliwajua kwa viwiko, kwa magoti, kwa visigino. Jino lilimtoka akalimeza pamoja na damu. Akapiga yowe, na hapo akajifunza sheria ya kwanza ya selo: anayelia hurudiwa.

Akapigwa kwenye foleni ya uji kwa kusogea, kisha akapigwa kwa kutosogea. Alimwona mtu akibamizwa uso ukutani mpaka pua ikalala upande, na wenzake wakaendelea kula. Alimchukia Kisiki kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Usiku aliota anamnyonga. Binadamu mmoja tu alimtendea wema, fundi seremala mmoja mkohozi, mtu wa makamo, aliyejibana akamwachia nafasi pembeni.

"Egemea ukuta, karani. Hapo mgongoni hawakupati."

Siku moja hawakutolewa kwenda shamba, na selo ikakaa mahakama. Ndiyo desturi yao, wana kesi zao na hukumu zao. Mshitakiwa alikuwa seremala. Alikutwa na kipande cha sabuni cha mwenzake.

"Leo ahukumu karani," Kisiki akasema. "Ana maneno ya ofisini."

Basi, mwenzenu akafurahi! Mgongo ulimnyooka, sauti ikamrudi. Alimsikiliza mlalamikaji, akamsikiliza shahidi, akamuuliza mshitakiwa ana lipi la kujitetea.

"Nilikuwa nanuka, karani. Mke wangu alikuwa anakuja kuniona."

Selo ikaangua kicheko. Hakimu akatafakari kama kawaida yake, maana yake hakutafakari. Mshitakiwa ana hatia. Waliomzunguka walikuwa wakinong'ona fimbo thelathini. Yeye, kwa huruma, akataja ishirini. Kisiki akamkabidhi kipande cha mpira wa tairi, kizito, kimekatwa kwa urefu wa mkono.

"Cha nini?"

"Hapa anayetaja ndiye anayechapa. Ukiishia njiani, zilizobaki unakula wewe. Na ya kulegeza haihesabiwi."

Seremala alikuwa ameshalazwa kifudifudi, watu wawili wamemkalia miguu. Fimbo ya kwanza ilikuwa ya kubembeleza, na Kisiki akasema haipo. Ya pili nayo haipo. Ya tatu ikalia, na mgongoni ukainuka mstari mwekundu. Akachapa tena, akachapa tena, na ngozi ikaanza kufunguka, damu ikamrukia kifuani.

"Basi, ndugu yangu," seremala akasema. "Basi, karani. Figo."

Angeweza kuacha. Mpira ulikuwa mkononi mwake na hesabu ilikuwa imevuka nusu. Alimtazama Kisiki, akautazama mgongo ule, akauinua mkono. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba kuelekea mwisho mkono ulikuwa mwepesi. Alikuwa amepata mwendo wake, na zile kelele hakuzisikia tena. Walipomwambia imetosha, ilibidi wamshike.

Kesho yake seremala alikojoa damu. Keshokutwa akafa, na mkewe aliyekuja kumwona akapewa viatu vyake.

Mkuu wa gereza alimwita hakimu ofisini, akamrudishia suti yake na kufunga mlango.

"Mheshimiwa, wewe hukuwepo. Kesi tumempa Kisiki. Ana rekodi ya kuua, hakuna atakayeuliza mara mbili."

"Atafungwa tena?"

"Safari hii ni kamba."

Akaenda nyumbani. Mkewe alimpikia, hakula. Alijiambia kwamba Kisiki ni muuaji, kwamba tairi lilikuwa la Kisiki, kwamba dunia bila Kisiki itapumua. Yote yalikuwa kweli, na hata moja halikushuka kooni.

Kesi ilipotajwa mbele ya hakimu mwenzake, alikwenda akakaa benchi la nyuma. Kisiki aliletwa kizimbani jicho limefumba kwa kipigo, midomo imepasuka; walimtaka akiri, naye hakukiri. Akaangaza ukumbini, akaiona ile suti, akamwona aliyemo ndani yake. Kwanza hakuamini. Halafu akacheka, meno yote ya damu nje.

"Kumbe karani ni mwenzenu! Basi muulizeni yeye."

Askari akampiga kirungu cha tumbo, akaanguka. Mzee wa Mvua akasimama. Hofu ilikuwa ileile ya blanketi.

"Mwacheni," akasema. "Nilitaja mimi, nikachapa mimi."

Hakimu mwenzake, ambaye zamu yake ya gerezani ilikuwa bado, aliweka kalamu chini, akamtazama kama mtu anayemwombea jibu zuri.

"Lakini ulimwona anakufa. Kwa nini hukuacha?"

"Kwa sababu zilizobaki zingekuwa zangu."